Gari la kubeba familia na bado likufurahishe: mwongozo kamili kwa barabara za Lubumbashi

Mwaka huu peke yake nimeitwa kwenye parseli (nyumba) tatu kuangalia magari ambayo hayajamaliza miezi miwili tangu yanunuliwe. Kwenye mbili nilikuta jipu la zaidi ya kilo elfu mbili, na wenyewe wanalalamika kwamba kuliendesha ni kama kusukuma kabati. Kwenye ya tatu nilikuta gari la chini, janti kubwa zinang'aa, bampa ya mbele imeshikwa kwa waya kwa sababu ya shimo la pale pale mtaani. Wote watatu walilipa pesa nzuri, na wote walichagua kwa macho.

Mwongozo huu unaanzia kwenye kilomita moja iliyo mbaya kuliko zote unazopita kila siku. Kilomita hiyo ndiyo inayochuja. Yakishabaki magari machache, hapo ndipo mikono na mgongo wako vinaruhusiwa kuchagua.

Ninaposema gari jipya, ninamaanisha jipya kwako. Wengi wetu tunanunua okazyo, gari lililokwisha kutumika, lililotoka Japani, likapita Dar es Salaam na Zambia hadi mpakani Kasumbalesa, au lililotoka Ulaya. Ukilitoa dukani likiwa na plastiki kwenye viti, hatua ni zile zile.

## Andaa hivi kwanza

- Futi ya kupimia na kijiti kilichonyooka cha mita mbili.
- Tochi, kitambaa cheupe, na sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini ili isikwaruze rangi.
- Geji ya upepo wa tairi.
- Kisomaji cha OBD, kile kidude kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu.
- Gunia la unga la kilo 25, begi mbili, na kiti cha mtoto kama unacho.
- Watu wanaopanda nawe kila siku. Bila wao usinunue.
- Fundi anayeijua aina hiyo ya gari, asiyeletwa na muuzaji.
- Bajeti iliyokatwa mapema: katika kila dola 100 ulizonazo, 20 zikae pembeni kwa tairi, mafuta ya injini, amortisere (shokabzoba) na karatasi.

Hilo la mwisho ndilo linalorukwa sana. Mtu anamaliza pesa yote kwenye gari, halafu anaendesha mwaka mzima na amortisere zilizokufa, akidhani gari lenyewe ndilo baya.

## Hatua ya 1: Andika safari zako za wiki moja

Wiki nzima andika kila safari: mlikuwa wangapi, mlibeba nini, barabara ilikuwa ya namna gani. Usiandike safari unayoitamani mwaka kesho. Mtu anayetoka Bel-Air kwenda kazini mjini, anapeleka watoto wawili shule, Jumamosi anapita sokoni na mara moja kwa mwezi anakwenda Likasi, viti saba vya nini?

Sababu ni uzito. Kilo unazonunua kwa ajili ya siku moja utazibeba siku zote. Zinakula esansi (petroli), zinakula breki, na zinachelewesha gari kugeuka.

Umefaulu ukibaki na sentensi moja kama hii: "Watu wanne, gunia moja, lami siku tano, vumbi siku mbili, Likasi mara moja kwa mwezi." Ibandike kwenye simu. Muuzaji akianza kusifu, isome.

## Hatua ya 2: Pima kilomita yako mbaya

Nenda asubuhi, kwa mguu. Tafuta mahali ambapo tairi za malori zimechimba mifereji miwili na kuacha mgongo wa udongo katikati. Laza kijiti juu ya mgongo huo, kikae sawa, kisha pima kutoka kwenye kijiti hadi chini ya mfereji. Ukipata sentimita 13, ongeza 4, kwa sababu gari likijaa watu linashuka, na likirukaruka linashuka tena. Basi unahitaji uvungu, yaani nafasi kati ya ardhi na tumbo la gari, wa sentimita 17.

Pima na dodane (matuta) za mtaani kwenu. Nyingi zimejengwa na wakazi wenyewe ili kulinda watoto wao, bila kipimo, na zipo zinazokwaruza hata gari lisilo chini sana.

Angalia msimu pia. Mvua zetu zinaanza karibu na Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Ukipima mwezi wa saba, barabara imekauka na imekanyagwa ikalainika. Waulize majirani maji yanasimama wapi, halafu ongeza sentimita mbili nyingine.

Sasa linganisha. Mazda Demio, Suzuki Swift na Honda Fit za kawaida zina uvungu wa karibu sentimita 13 hadi 15. Subaru XV ya soko la Japani ina 20. Mazda CX-5 ya toleo la kwanza ina 21. Subaru Forester iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2012 ina 22.

Tahadhari. Usinunue kimo usichokihitaji. Gari likiinuka, uzito wake unainuka nalo, na kwenye kona uzito huo unalalia upande wa nje. Kipimo kikikwambia 15, ukanunua 22 kwa sababu ya woga, umelipa kwa raha ambayo ungeweza kubaki nayo.

Uvungu ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni ubavu wa tairi, na hapa naomba usome polepole. Tairi iliyoandikwa 195/65R15 ina upana wa milimita 195, na ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo: milimita 127 za mpira kati ya shimo na janti. Tairi ya 195/45R17 ina milimita 88 tu. Zile milimita 39 zilizokosekana ndizo zinazokunja janti.

Niliwahi kuwa na gari lenye tairi hizo za 45. Lilikuwa tamu, lilikuwa linageuka hata kabla sijamaliza kuwaza. Msimu mmoja wa mvua nilinyoosha janti mbili na kutupa tairi tatu, kisha nikaliuza kwa uchungu. Kumbe ningeweza kuvalisha janti ndogo zaidi, inchi 15 au 16 kadiri breki zinavyoruhusu, na tairi yenye ubavu mnene, nikabaki nalo. Kabla ya kulikataa gari unalolipenda, uliza kama janti ndogo zinaingia.

Umefaulu ukiwa na namba mbili: uvungu wa chini kabisa unaokubalika, na ubavu wa tairi usiopungua milimita 110 kwa mtaa wa vumbi, au 100 kama unaishi kwenye lami tupu. Hizo mbili ni mpaka wangu mwenyewe, na zimenitosha.

## Hatua ya 3: Amua usukani upande gani

Kongo tunapita kulia. Gari la Japani lina usukani kulia, kwa hiyo dereva anakaa upande wa ukingo wa barabara. Mjini utazoea ndani ya siku tatu. Barabarani kuelekea Kolwezi, nyuma ya lori la shaba, ni jambo lingine kabisa: huoni kinachokuja mpaka gari zima limetoka kwenye mstari wake. Anayekaa kushoto ndiye anayeona, naye pengine ni mama watoto amesinzia.

Fanya jaribio hili. Simamisha gari mita kumi nyuma ya lori lililoegeshwa, ukae kwenye usukani, uangalie ni kiasi gani cha barabara unaona upande wa kushoto. Rudi hadi mita thelathini, uangalie tena. Tofauti hiyo ndiyo umbali utakaolazimika kuuacha kila mara unapotaka kupita mtu.

Lipo na la taa, na halisemwi inavyostahili. Taa za gari la Japani zimetengenezwa kumulika juu kidogo upande wa kushoto, kwa sababu kule ukingo wa barabara uko kushoto. Kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako. Unampiga machoni kila usiku bila kujua.

Msimamo wangu: ukienda Likasi au Kolwezi zaidi ya mara mbili kwa mwezi, tafuta usukani wa kushoto hata kama utachukua gari la miaka miwili nyuma zaidi kwa pesa ile ile. Ukibaki mjini, la Japani linatosha, lakini bajeti ya taa iwemo.

## Hatua ya 4: Chagua injini kwa hewa na mafuta ya hapa

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita elfu. Suzuki Swift Sport ya 1.6 iliyoandikwa nguvu za farasi 136 hapa inabaki na karibu 120. Usishangae gari ulilolisifia Dar es Salaam likionekana zito huku.

Turbo inaficha upungufu huo kwa kusukuma hewa yenyewe. Ila inadai mafuta safi ya injini, yabadilishwe kwa wakati, na esansi nzuri. Kama esansi yako inatoka kwenye bidoni za kando ya barabara, achana na turbo.

Mazutu (dizeli) inavuta kwa nguvu hata injini ikizunguka polepole, na hilo linapendeza sana mlimani. Lakini injini za mazutu za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye egzosi, na salfa nyingi kwenye mafuta pamoja na safari fupi fupi za mjini zinakiziba. Nikiwa na familia na safari za mjini, nachukua esansi isiyo na turbo, ya lita 1.5 hadi 2.5, na nguvu ninazozikosa nazitafuta kwenye wepesi wa gari.

Gia ya mkono au otomatiki? Kwa raha, ya mkono. Kwa foleni ya saa kumi na moja jioni, mguu wa kushoto utajibu wenyewe. Magari mengi ya Japani yana CVT, ile otomatiki isiyo na hatua, ambayo kelele ya injini inatangulia halafu mwendo unafuata. Si mbaya, ila mafuta yake ni ya aina yake peke yake. Fundi akikwambia mafuta ya otomatiki ni yale yale, badilisha fundi.

## Hatua ya 5: Baki na magari matatu

Zaidi ya matatu utachanganyikiwa. Nayapanga hivi, na ni maoni yangu baada ya kuyaendesha:

Mtaa wa lami au vumbi laini, watu wanne: Swift au Demio. Mazda Demio ya 1.3 ina karibu kilo elfu moja, na wepesi huo unausikia kwenye kila kona. Kofre (buti) ni ndogo. Gunia moja na begi mbili, basi.

Mtaa wa mashimo, safari za mbali mara moja moja: Subaru Forester au XV. Injini yake imelala chini, pistoni zinapigana kushoto na kulia, kwa hiyo uzito unakaa karibu na barabara ingawa mwili uko juu. Ndiyo sababu Forester inageuka vizuri kuliko inavyoonekana. Zipo zenye gia ya mkono, ila ni za kutafuta. Kwenye injini za zamani za Subaru, zile za aina ya EJ, uliza mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na ile ya lita 2.5 ichunguze gasketi ya kichwa kwa makini.

Katikati ya hayo mawili: Mazda CX-5 ya esansi. Usukani wake unaongea na mikono kuliko wa jipu nyingi za kimo chake.

Prado ni gari ninaloliheshimu, na kama kazi yako iko mbali na lami, nunua Prado bila kusita. Lakini usitegemee likufurahishe kwenye kona.

## Hatua ya 6: Lipakie kabla ya kuliendesha

Kabla injini haijawashwa, weka gunia, begi, kiti cha mtoto, kisha watu wote waketi. Mkubwa wenu akae nyuma ya dereva. Magoti yanagusa? Mlango wa nyuma unafunguka vya kutosha kumwinamia mtoto na kumfunga mkanda? Tairi ya akiba ipo, na unaifikia bila kutoa kila kitu?

Gari likiwa limejaa hivyo, pima uvungu tena. Namba ya kwenye karatasi ni ya gari tupu lenye springi mpya.

## Hatua ya 7: Likague likiwa baridi

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye boneti. Likiwa moto, rudi kesho, kwa sababu injini iliyopashwa inaficha moshi na kelele za asubuhi.

Fungua kifuniko cha mafuta ya injini. Ute mweupe kama mayonezi maana yake maji yanaweza kuwa yameingia kwenye mafuta. Pitisha sumaku kwenye milango na matao ya tairi. Isiposhika, huenda chini ya rangi kuna mastiki. Bonyeza kila kona ya gari kwa nguvu uachie: inapaswa kupanda na kutulia mara moja. Ikicheza mara mbili au tatu, amortisere imekwisha.

Soma tarehe ya tairi. Tarakimu nne za mwisho za DOT ni wiki na mwaka: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018.

Kama ni la Japani, dai karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi iliyoandikwa gari lilipouzwa kule. Alama ya jumla ikiwa R au RA, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. XX kwenye mchoro ni paneli iliyobadilishwa. Kilomita za karatasi zilinganishe na za kwenye dashi.

Chomeka kisomaji. Hata kama hakuna kosa, angalia kama majaribio ya ndani ya gari yamekamilika. Yasipokamilika, huenda mtu amefuta makosa au ametoa betri siku si nyingi.

Tahadhari. Muuzaji akikuharakisha kwa sababu "kuna mtu anakuja saa nane na pesa", mwache huyo mtu aje.

## Hatua ya 8: Endesha dakika arobaini, kwa mpangilio huu

Hapa ndipo raha inapimwa, nayo inapimika. Zima redio, fungua dirisha kidogo.

Anza kwenye vumbi, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Sikiliza. "Tok" moja fupi kwenye shimo ni tairi. "Tok-tok" ya chuma ni rotile au silenbloki, vile viungo na mipira ya chini ya gari. Usukani usirushe mikono yako.

Kisha simama mahali wazi, kata usukani hadi mwisho, zunguka polepole pande zote mbili. Mlio wa "tak-tak-tak" ni kardan, ule mhimili unaozungusha tairi.

Nenda kwenye ronpwe (mzunguko wa barabara) pana isiyo na watu, Jumapili asubuhi. Zunguka kwa kilomita 30 kwa saa bila kubadilisha mguu. Gari zuri linaegemea kidogo, linatulia, halafu unasikia usukani ukizidi kuwa mzito kidogo kidogo viganjani. Uzito huo ndio unaokwambia tairi zimeshika kiasi gani. Ukiwa mwepesi sawasawa muda wote, kama usukani wa mchezo wa video, hutajifunza kulipenda gari hilo.

Kwenye lami iliyonyooka, toka 40 hadi 80 kwa gia ya tatu. Tafuta mwitikio wa mguu, nguvu za kupita kiasi hazina kazi hapa. Halafu, ukihakikisha nyuma hakuna mtu, funga breki kutoka 60 kwa nguvu huku umeshika usukani kwa wepesi. Lisivute upande.

Siku niliyojaribu Forester niliyonayo, ilikuwa barabara ya Kipushi, asubuhi, lami ina umande. Palikuwa na kona ndefu, na katikati yake kiraka cha lami kilichoinuka. Gari lilipanda juu ya kiraka likiwa limeegemea, likashuka, likatulia mara moja, na mikono yangu haikulazimika kusahihisha kitu. Nilirudi nikaipita kona ile ile mara ya pili ili kuhakikisha. Tafuta kitu kama hicho. Usipokipata kwenye magari yote matatu, rudi Hatua ya 5.

Mwisho, badilishaneni viti. Wewe kaa nyuma dakika kumi, mwenzako aendeshe. Gari linaloburudisha dereva likawatapisha watoto halitakaa nyumbani kwenu mwaka mmoja. Mama au baba watoto akisema hapana, hesabu hiyo hapana.

## Hatua ya 9: Karatasi kabla ya pesa

Namba ya shasi kwenye chuma ifanane herufi kwa herufi na iliyo kwenye karatasi za forodha za DGDA na kwenye karte roze (kadi ya gari). Kama hujaagiza bado, muulize dekleran (wakala wa forodha) masharti ya umri wa gari yaliyopo wiki hiyo, na akuandikie jumla yote. Usilipe kwa neno la mdomo.

## Hatua ya 10: Wiki ya kwanza

Badilisha mafuta ya injini na vichujio hata ukiambiwa ni vipya. Kichujio cha hewa kiangalie tena kila mwezi wakati wa vumbi jekundu. Peleka tairi zikasawazishwe uzito. Jaza upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi, kufuata kibandiko cha kwenye mlango. Taa za Japani, tafuta za usukani wa kushoto; zikikosekana, fundi azishushe hadi zisimchome anayekuja.

Kisha panga safari ya Likasi, karibu kilomita 120, familia nzima na mizigo ya kawaida. Toka mapema kabla malori hayajajaa. Ukifika, egesha mahali tambarare, subiri dakika kumi, vuta kijiti cha mafuta, ukipanguse kwa kitambaa cheupe, ukichovye tena. Gusa kila janti kwa mgongo wa mkono: moja ikiwa moto sana kuliko nyingine, breki yake inashika. Piga picha ya kilomita kwenye dashi, jaza tangi hadi juu, andika lita. Kiwango cha mafuta kikiwa palepale kilipokuwa asubuhi na mtoto bado amelala nyuma, funga boneti mwende mkale bukari.